Picha Hii Ni ya Wapi? Masalia ya Reli Yetu na Watu Waliosimama Kando Yake

(Maneno ya Kamati ya Picha na Kumbukumbu katika mkutano mkuu wa mwaka wa chama chetu)



Kamati yetu imepewa nafasi fupi, nasi tunataka kuianza kwa kuomba radhi.

Mwaka jana, katika kijitabu kama hiki, tulichapisha picha ya daraja la chuma la reli, na wanaume wawili wamesimama juu yake. Chini yake tuliandika kwamba ni daraja letu la zamani, reli ya Shinyanga. Wengi mliipenda picha ile. Wapo walioikata wakaitundika sebuleni. Mmoja wetu aliikuta kwenye ofisi ya shule, imewekwa kwenye fremu.

Ndugu zetu, picha ile si ya kwetu. Tulikosea, na kosa ni la kamati, si la familia iliyotupa picha. Tunaomba mtusamehe, na tunaomba mliotundika mbadilishe maelezo yake. Leo tutawaeleza tulivyokosea, kwa sababu katika kutafuta kosa letu tulijifunza namna ya kuitambua picha ya reli, na tukapata nyingine ambayo kweli ni ya kwetu.

Tulikoseaje?

Picha ilitoka kwenye sanduku la mzee aliyefanya kazi reli, ambaye sasa ni marehemu. Nyuma yake ilikuwa na muhuri wenye neno Shinyanga. Tukaona inatosha. Halafu kando ya daraja kulionekana mikonge, na kila aliyekulia Usukumani anajua mkonge wa uzio unaogawa shamba na njia ya ng'ombe. Tukasema, hii ni nyumbani kabisa. Tukapeleka kwa mchapaji.

Baada ya kijitabu kutoka, mzee mmoja mstaafu wa reli alituita. Hakutugombeza. Alituwekea picha mezani akatuuliza maswali matatu tu. La kwanza: "Hiyo milima ya nyuma mmeiona wapi kwetu?" Tulitazama upya. Kweli, nyuma ya daraja kulikuwa na mlima mrefu wenye msitu, unaoendelea mpaka nje ya picha. Kwetu tuna majabali na vilima vya mawe juu ya mbuga, hatuna ukuta wa mlima namna ile.

La pili: "Mkonge wa uzio hupandwa mistari mingapi?" Mmoja, au miwili ikizidi. Kwenye picha kulikuwa na mistari mingi iliyonyooka hadi mbali. Hilo ni shamba kubwa la mkonge, si uzio wa mfugaji.

La tatu: "Huo muhuri unasema nini chote?" Tukachukua kioo cha kukuzia. Muhuri ulikuwa wa studio ya picha. Neno Shinyanga lilikuwa anwani ya aliyesafisha picha, si mahali ilipopigwa. Familia ilipoulizwa vizuri ikakumbuka kwamba marehemu alianzia kazi kwenye njia ya Tanga, upande wa Korogwe, kabla ya kuhamishiwa huku. Alikuja na picha yake, na miaka ya baadaye akaisafishia nakala mjini Shinyanga.

Jambo hili litatukuta tena, kwa sababu watu wa reli walikuwa watu wa uhamisho. Sanduku moja la mzee wa reli linaweza kuwa na picha za Tanga, Tabora, Kigoma na Nairobi, zote zimelala chini ya shuka moja pale Kolandoto. Tena watu wetu hawakufanya kazi reli peke yake. Walikwenda Mwadui kwenye almasi baada ya Williamson kuigundua mwaka 1940. Walikwenda Geita, ambako mgodi wa zamani wa dhahabu ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Migodini nako kulikuwa na reli, zile nyembamba za vitoroli vya mawe. Tumeletewa picha ya namna hiyo ikiitwa reli ya Mwanza. Mtu aliyesimama hapo angeweza kuzikanyaga reli zote mbili bila kutanua miguu. Hiyo si njia ya treni.

Kwa hiyo, kabla ya kusema picha ni ya wapi, ni lazima tujue kwanza reli yetu ni ipi na inafananaje.

Njia ya kwanza nchini ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, wakati wa Wajerumani. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Huku kwetu treni haikuwapo. Hospitali yetu ya Kolandoto, iliyoanzishwa na wamisionari mwaka 1913, ilikuwa imeshatibu watu miaka mingi kabla mluzi wa treni haujasikika Shinyanga. Njia ya Tabora hadi Mwanza, takriban kilomita 380, ilijengwa na serikali ya Waingereza miaka ya 1920, ikafika Mwanza mwaka 1928. Basi mtu akikuletea picha ya treni akasema ni Shinyanga wakati wa Mjerumani, mkaribishe chai, lakini usiandike hivyo.

Upana wa njia zote hizo ni mita moja kati ya reli na reli. TAZARA ni pana kidogo, milimita 1,067, na kwa jicho la kawaida huwezi kuitofautisha kwenye picha. Reli mpya ya kisasa, SGR, ni milimita 1,435, nayo tofauti yake huonekana hata kwa mtoto.

Mataruma nayo husema kitu. Kwenye njia zetu nyingi za zamani yalikuwa ya chuma, kwa sababu mchwa wa nchi hii hawaachi mbao. Lakini kwa kuwa ya chuma yapo Tanga na yapo Shinyanga, taruma peke yake halikwambii mahali.

Maandishi ya behewa husaidia kupata miaka. Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa chini ya shirika moja la Afrika Mashariki. Mwaka 1977 jumuiya ilivunjika, Tanzania ikawa na shirika lake, TRC. Kwa hiyo behewa lenye herufi EAR lilipakwa rangi kati ya miaka hiyo, na lenye TRC limepakwa baadaye. Ila angalieni: rangi ya behewa haikufutwa siku moja nchi nzima.

Halafu kuna reli yenyewe. Ubavuni mwa reli huwa kuna maandishi yaliyotokeza, yaliyowekwa kiwandani: jina la kiwanda na mwaka. Kijana mmoja wetu aliona mwaka kwenye kipande cha reli kilichokuwa nguzo ya zizi, akafurahi kwamba amepata mwaka wa kujengwa njia. Hapana. Ule ni mwaka wa kutengenezwa kile chuma. Reli hung'olewa hapa ikatandikwa kule. Njia ya Manyoni kwenda Kinyangiri ilijengwa miaka ya 1930, ikang'olewa miaka ya 1940. Njia ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya ule mradi mkubwa wa karanga, ilifungwa mwaka 1962, nayo ikang'olewa. Chuma cha reli husafiri kama mfanyakazi wa reli.

Sasa tuje kwenye picha ya pili, ambayo mtaiona ukurasa unaofuata.

Ni picha ndogo, imeliwa kona moja na mende. Inaonyesha wanaume sita wa genge la reli, wameshika nyundo, sururu na mitaimbo. Nyuma yao kuna kidaraja chenye kuta mbili za mawe yaliyochongwa, na kwa mbali kilima cha majabali chenye jiwe moja kubwa juu, kama kichwa kilichovaa kofia. Nyuma haina neno lolote. Baada ya aibu ya mwaka jana, tulikaa nayo miezi bila kuiandika kitu.

Tulikwenda njiani kwa miguu kuitafuta, tukipita kando ya njia kwa siku tatu, kati ya Shinyanga na Seke. Tuliona kuta za mawe mahali pamoja, hatua chache kutoka kwenye kalavati la zege linalotumika sasa. Zilifanana sana. Lakini kilima kilikuwa upande usiofaa. Kwenye picha kiko kulia kwa daraja, pale mahali kiko kushoto. Tukajaribu kusimama upande wa pili wa tuta. Kilima kikawa nyuma ya mpiga picha, hakionekani kabisa. Tukasema tusirudie kosa. Tukarudi nyumbani.

Kisha tukaipeleka picha kwa bibi mmoja wa hapa hapa Kolandoto, ambaye baba yake alikuwa wa genge. Macho yake yamechoka, hivyo tuliikuza tukamwekea dirishani. Alikaa nayo kimya. Halafu akaweka kidole juu ya mtu wa tano, akasema, "Huyu ni baba." Tukamuuliza kama ana hakika. Akasema ni yeye, ila kuna kitu kinamsumbua: "Baba hakuwa wa mkono wa kushoto. Kwa nini amebeba nyundo kushoto?"

Mmoja wetu akataka kumtuliza, akasema labda siku hiyo aliishika tu hivyo. Bibi akakataa. Akasema baba yake aliumia kidole gumba cha mkono wa kushoto kazini, hakikukunjika tena, na kwa mkono ule hakuweza kushika hata mpini wa jembe sawasawa. "Huyu ni baba," akasema tena, "lakini ni baba kwenye kioo."

Ndugu zetu, neno hilo la kioo ndilo lililotufungua. Tulirudi kutazama mashati. Shati la mwanamume, likiwa na mfuko mmoja kifuani, kwa kawaida mfuko uko upande wa kushoto wa aliyevaa. Kwenye picha ile, kila mwenye mfuko, uko kulia kwake. Hata vifungo vilikuwa vimegeuka. Picha ilisafishwa kinyume. Zamani, ule ukanda wa filamu ukiwekwa kwenye mashine upande wa nyuma ukiwa mbele, picha hutoka kama sura ya mtu kwenye kioo, na kama hakuna maandishi ndani yake, hakuna atakayejua.

Tuliigeuza kwenye kompyuta. Nyundo ikahamia mkono wa kulia. Mifuko ikarudi mahali pake. Na kilima, chenye lile jiwe la kofia, kikaenda kushoto kwa daraja, pale pale tulipokiona kwa macho yetu.

Tulirudi njiani na picha iliyogeuzwa. Tukasimama aliposimama mpiga picha. Mpangilio wa mawe ya ukuta wa karibu, jiwe kwa jiwe, ulikubali: lile pana la chini, mawili membamba juu yake, na ufa ulioanza wakati ule ambao sasa umefika juu. Hapo ndipo tulipoandika mahali.

Miaka yake tuliipata kwa bibi huyo huyo. Baba yake aliacha kazi ya reli kabla ya Uhuru. Anakumbuka kwa sababu sherehe za mwaka 1961 zilimkuta tayari yuko nyumbani akilima pamba. Kwa hiyo tumeandika: kabla ya 1961. Hatukuandika zaidi ya hapo.

Katika wale sita, tumepata majina mawili mpaka sasa. La baba wa bibi, na la mtu wa pili kutoka kushoto, ambaye wajukuu wake wamo humu ukumbini leo. Wanne bado hawana jina. Tunaomba kila mtu, kabla hajala chakula, apite kwenye ule ubao mlangoni aitazame picha iliyokuzwa. Mtazame masikio, mabega, namna ya kusimama. Hatujui ni nani humu amekaa karibu na babu yake bila kumfahamu.

Tumelileta jambo hili mbele ya harambee, pamoja na bweni na kisima, kwa sababu tatu.

Ya kwanza, alama zenyewe zinaondoka. Ujenzi wa SGR kati ya Mwanza na Isaka uliwekewa jiwe la msingi mwezi Juni 2021. Sisi tunaifurahia reli hiyo, watoto wetu wamepata kazi humo na tutaipanda. Lakini udongo unapochimbwa na tuta jipya linapoinuka, tuta la zamani na ukuta wa mawe havitabaki vilivyo mahali pote. Tupige picha sasa, tuandike sasa.

Tena masalia si madaraja tu. Tazameni yale mashimo marefu yaliyo sambamba na tuta, ambayo masika hujaa maji na ng'ombe hunywa. Wengi tunayaita malambo. Mengine hayakuchimbwa kwa ajili ya ng'ombe. Ni pale udongo wa kuinulia tuta ulipotolewa kwa jembe na karai. Tunapopanga malambo yapi yafukuliwe, ni vizuri tujue lipi ni shimo la reli, maana ardhi ya reli ina mwenyewe na ruhusa yake huombwa.

Ya pili, tunaomba vijana wetu watusikilize. Kung'oa chuma cha reli ni kosa la jinai, na zaidi ya hapo kunaua abiria. Hata kipande kilicholala porini si chetu kukiuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Ndiyo maana katika kijitabu hiki hatukutaja mahali hasa zilipo kuta zile. Anayetaka kuziona aje kwa kamati, tutampeleka, na tutapita kando, si juu ya njia inayotumika.

Ya tatu, na hii ndiyo kubwa: wenye kujua wanaondoka kwa haraka kuliko mawe. Ukuta ule utakuwapo pengine miaka mingine hamsini. Bibi yetu ana umri mkubwa. Tungechelewa mwaka mmoja, picha ile ingebaki imegeuka, kilima kingebaki upande usiofaa, nasi tungeapa kwamba si ya kwetu.

Picha nyingine za nchi yetu ziko mbali. Kumbukumbu za wamisionari wa African Inland Mission zimehifadhiwa Wheaton, Marekani. Picha za enzi ya Wajerumani ziko kwa maelfu katika maktaba ya chuo kikuu cha Frankfurt, na zinatazamika kwa intaneti. Za serikali ya Waingereza ziko kwenye Hifadhi ya Taifa ya London. Watoto wetu walioko huko wanaweza kutusaidia kuzipekua. Lakini picha ya wale sita haipo Frankfurt wala London. Ilikuwa chini ya godoro hapa Kolandoto.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tunaomba haya.

Mkirudi nyumbani, fungueni masanduku. Msiibandue picha iliyogandia kwenye albamu; leteni albamu nzima. Msiandike mbele ya picha, wala kwa kalamu ya wino nyuma yake; andikeni kwa penseli, polepole, pembeni. Andikeni nani yumo, wapi, lini, na nani amewaambia. Kama hamna hakika, andikeni "huenda". Msikate kingo wala msitupe bahasha, kwa maana muhuri na mwandiko navyo ni ushahidi. Picha tutaipiga nakala mbele yenu, na yenyewe mtaondoka nayo siku hiyo hiyo. Hatuchukui picha ya mtu.

Fedha tunayoomba mwaka huu ni ya mambo manne: skana moja, makasha makavu ya kuhifadhia nakala, nauli ya kuwafikisha wazee penye masalia wangali na nguvu ya kutembea, na uchapishaji wa picha zilizothibitishwa ili kila shule ya kata yetu ipate seti yake. Njia za kuchangia ziko ukurasa wa mwisho. Asiye na fedha alete picha. Asiye na picha alete mzee. Asiye na mzee aje atembee nasi Jumamosi.

Na ile picha ya mwaka jana hatukuitupa. Tumeirudisha kwa familia ikiwa na maelezo mapya: njia ya Tanga, huenda karibu na Korogwe, wanaume wawili, mmoja ni baba yenu. Walisema wameridhika. Daraja si la kwetu, lakini mtu aliyesimama juu yake ni wa kwetu, na jina lake sasa limeandikwa.